Kuzunguka wilaya kumi na moja za Samoa

JUMATANO. Apia, Tuamasaga

Basi la kutoka Faleolo, kwenye uwanja wa ndege, lina bodi la mbao, madirisha yasiyo na vioo, na muziki umefunguliwa mpaka mwisho. Viti vikijaa, vijana wanawapisha wakubwa kisha wanapakatana wenyewe kwa wenyewe, na hakuna anayeona ajabu. Nauli unampa dereva unaposhuka. Njia nzima hadi Apia, mji mkuu, ni vijiji vilivyoshikana: kanisa, nyumba ya wazi yenye nguzo tupu bila kuta, kaburi la saruji, kanisa jingine. Makaburi hayajafichwa nyuma huko. Yako mbele ya baraza, yamepakwa rangi, na mengine yameezekwa vizuri kuliko nyumba zenyewe. Babu yako akishalala hapo, nani atathubutu kukuambia kiwanja si chenu?

Nimekuja kuzizunguka wilaya. Samoa, nchi ya visiwa katika Pasifiki yenye watu laki mbili na kidogo, ina wilaya kumi na moja zinazoitwa itūmālō. Tano ziko kisiwa cha Upolu: Tuamasaga, A'ana, Aiga-i-le-Tai, Atua na Va'a-o-Fonoti. Sita ziko Savai'i, kisiwa kikubwa zaidi chenye watu wachache zaidi: Fa'asaleleaga, Gaga'emauga, Gaga'ifomauga, Vaisigano, Palauli na Satupa'itea. Mtu wa kwetu akisikia wilaya, picha inayomjia ni bendera, ofisi ya mkuu wa wilaya, benchi la kusubiria na katibu muhtasi anayekwambia bosi ametoka. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mama mwenye nyumba ya wageni lilikuwa: ofisi ya wilaya ya Tuamasaga iko wapi? Alicheka mpaka akaweka sufuria chini. Ofisi ya nini? Tuamasaga ipo, na karibu nusu ya Wasamoa wote wanaishi humo, lakini serikali haijateua mtu wa kukaa mahali akaitwa mkuu wa Tuamasaga.

Akanielekeza Mulinu'u, ile rasi nyembamba inayoingia baharini magharibi ya mji. Pale lipo Bunge, na ipo Mahakama ya Ardhi na Vyeo. Mahakama hiyo ndiyo iliyonishika. Ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1903, ikapita mikononi mwa New Zealand, na Wasamoa walipopata uhuru tarehe 1 Januari 1962 hawakuifuta. Kazi yake ni mambo mawili tu: ardhi ya mila, ambayo ni kama asilimia 80 ya nchi nzima, na vyeo vya matai, yaani wakuu wa koo. Nani arithi cheo kipi, nani ana haki ya kukaa kwenye ardhi ya cheo hicho. Bila cheo cha matai hugombei ubunge. Kupiga kura nako kulikuwa kwa matai peke yao mpaka kura ya maoni ya mwaka 1990 ilipowafungulia watu wazima wote.

Hapo ndipo wilaya zinapoishi. Kila wilaya ina kijiji kikuu, na kila kijiji kina fa'alupega, mpangilio wa salamu unaotaja vyeo kwa ukubwa wake: nani atajwe kwanza, nani amfuate, nani apewe 'ava, kinywaji cha mizizi cha mikutano ya heshima, kabla ya nani. Msemaji akisimama kwenye hadhara huzitaja salamu hizo kwa moyo, na akimruka mtu patachafuka. Mipaka ya wilaya imechorwa kwenye ramani, ndiyo, lakini watu wanaifuata kwa midomo.

Jioni, kwenye baraza, mama huyo alinisimulia wosia wa Pili. Pili, babu wa kale, aliwagawia wanawe. Tua akapewa mti wa kupandia, akawa mkulima, na upande wake ukawa Atua. Ana akapewa silaha, akawa mpiganaji, ndiyo A'ana. Saga akapewa fimbo na mgwisho wa msemaji, naye ndiye wa Tuamasaga. Tolufale akakabidhiwa Manono na visiwa vya mlangoni, huko Aiga-i-le-Tai. Alipomaliza alinikumbusha kwamba Bunge liko kwenye eneo la msemaji. Yeye mwenyewe, kumbe, ni wa Atua, na alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua nani hulima na nani hula.

ALHAMISI. A'ana na Aiga-i-le-Tai

Nimekodi gari dogo. Lazima uchukue leseni ya muda, na ukishaipata hakuna cha kujifunza: wanaendesha kushoto kama sisi. Zamani waliendesha kulia, desturi iliyobaki tangu enzi za Wajerumani, mpaka tarehe 7 Septemba 2009 serikali ilipowahamisha watu wote upande mmoja kwa siku moja ili magari ya bei nafuu kutoka New Zealand, Australia na Japani yaingie.

Leulumoega ni kijiji kikuu cha A'ana. Ukipita kwa haraka hutajua: uwanja wa nyasi uliokatwa vizuri, kanisa, duka la mikate. Lakini huu ndio uwanja wa wasemaji ambao bila wao hakuna anayepata cheo cha Tui A'ana. Vyeo vikuu vya kifalme vilikuwa vinne: Tui A'ana, Tui Atua, Gato'aitele na Tamasoali'i. Anayevikusanya vyote vinne huitwa Tafa'ifa, na wa kwanza kuvikusanya alikuwa mwanamke, Salamasina, karne kama tano zilizopita. Habari zake bado zinasimuliwa hapa kwa fahari. Wazee waliokuwa kivulini waliniuliza nchi yangu ina wafalme wangapi. Niliposema jamhuri, wakanisikitikia kwa adabu.

Mulifanua, mwisho wa barabara, ni kichwa cha Aiga-i-le-Tai. Kutoka gati dogo la jirani nilivuka kwa boti ya mashine kwenda Manono. Kisiwani hakuna gari hata moja, hakuna hata mbwa. Njia ya miguu inazunguka kisiwa chote, na unaweza kuimaliza ukiwa na kiu tu. Ukimya wake unakufanya usikie vitu: nazi inayoangushwa, mtu anayekuna nazi kwenye mbuzi ndani ya banda, redio ya nyumba ya tatu. Mbele zaidi iko Apolima, kisiwa ambacho ni mdomo wa volkano uliobomoka upande mmoja, na boti huingia kwa ule upenyo. Sikwenda, bahari ilikuwa imechafuka, na nahodha hakubembelezeki.

Wilaya hii ni vipande vya ardhi vilivyosambaa baharini, na kwa karne nyingi nguvu yake ilikuwa mitumbwi ya vita. Aliyetaka kuvuka kati ya Upolu na Savai'i alipita mbele ya Manono, apende asipende.

IJUMAA. Fa'asaleleaga

Ijumaa ni siku ambayo Wasamoa waliwahi kuikosa nzima. Mwaka 2011 walilala Alhamisi tarehe 29 Desemba wakaamka Jumamosi tarehe 31, kwa sababu nchi iliamua kuhamia upande wa pili wa mstari wa tarehe ili siku zake za kazi zilingane na za Australia na New Zealand.

Kivuko kutoka Mulifanua kwenda Salelologa kinachukua saa moja na ushei. Magari yanaingia kwa kurudi nyuma, abiria wanatandika mikeka na kulala papo hapo. Salelologa ndiyo bandari na soko la Savai'i: magimbi yaliyofungwa kwa mafungu, mashelisheli, kakao ya kusaga iliyokandwa kwenye vikombe. Kakao hiyo wanaichemsha na maji na sukari, chenga zake zinabaki mdomoni, na mimi nilirudia kikombe.

Hapa mambo ya utawala yanakuwa matamu. Wilaya sita za Savai'i zina vijiji vikuu sita, na kwa pamoja wasemaji wake huitwa Pule. Wenzao wa Upolu, Leulumoega na Lufilufi wakiwa mbele, huitwa Tumua. Hotuba yoyote ya heshima nchini inawasalimu Tumua na Pule kabla ya kuanza hoja. Kijiji kikuu cha Fa'asaleleaga ni Safotulafai, kilomita chache kutoka bandarini, na ndiko alikotoka Lauaki Namulau'ulu Mamoe, msemaji aliyewapa Wajerumani usingizi wa mang'amung'amu. Gavana Wilhelm Solf alikuwa anawapunguzia Tumua na Pule mamlaka hatua kwa hatua. Lauaki akakusanya watu wa Savai'i kupinga, katika harakati iliyoitwa Mau a Pule, na mwaka 1909 manowari za Kijerumani zikamchukua yeye na wenzake hadi Saipan, kisiwa cha mbali magharibi mwa Pasifiki. Alifariki mwaka 1915 akiwa safarini kurudi. Hakuiona tena Safotulafai.

Nilipokuwa nikisikiliza haya akili ilikimbilia nyumbani. Ni serikali ileile ya Berlin iliyokuwa imetoka kuzima Maji Maji mwaka 1907. Hata watu walikuwa walewale: Heinrich Schnee, gavana wa mwisho wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, aliwahi kuwa afisa wa utawala hapa Samoa na naibu wa Solf. Kwetu walitawala kwa maakida na maboma. Hapa, kwenye visiwa vilivyojaa wasemaji, ilibidi watafute mahakama.

Njiani kaskazini nilisimama Sapapali'i, mahali mmisionari John Williams alipotia nanga mwaka 1830 na kupokewa na Malietoa Vainu'upo, mmoja wa wakuu wakubwa wa nchi. Kuna mnara na kanisa. Kwa nini Malietoa alimpokea kirahisi vile ni habari ya upande wa pili wa kisiwa, na nitaifikia.

JUMAMOSI. Gaga'emauga na Gaga'ifomauga

Majina haya mawili yatakusumbua ulimi siku ya kwanza. Ni upande wa mashariki wa mlima na upande wa magharibi wa mlima, basi, na mkazi wa kimojawapo haoni mzaha ukivichanganya.

Mwaka 1905 mlima Matavanu ulipasuka juu ya Gaga'emauga na haukutulia mpaka 1911. Haukulipuka kwa kishindo; ulitiririka. Miaka sita mawe yaliyoyeyuka yalishuka pole pole mpaka baharini, yakafunika mashamba, visima na vijiji vya pwani ya kaskazini mashariki. Watu walikuwa na muda wa kuhamisha mikeka, masanduku na wagonjwa. Hawakuwa na muda wa kuhamisha nchi.

Sale'aula ndicho kijiji kikuu cha wilaya, na ndicho kilichomezwa. Unalipa kiingilio kidogo kwa akina mama wanaosimamia eneo, halafu unatembea juu ya jiwe jeusi lililojikunja kama kitambaa kilichorundikwa. Kuta za kanisa zimesimama. Lava iliingia kwa mlango wa mbele, ikajaza sakafu urefu wa mtu, ikapoa humo. Mama aliyenitembeza aliniambia niiname. Niliinama. Juu ya jiwe kulikuwa na mifereji midogo iliyolingana, sambamba, mstari baada ya mstari, na ilinichukua muda kutambua kuwa ni migongo ya bati. Paa lilikuwa la mabati. Lilipoanguka, lava bado ilikuwa laini, ikashika umbo lake. Bati lenyewe halipo tena, alama yake imebaki. Nilipitisha vidole juu yake, mfereji kwa mfereji. Mtu yeyote aliyekulia chini ya bati anaijua alama hiyo hata gizani.

Pembeni kuna kaburi la binti wa chifu ambalo lava ililizunguka pande zote na kuliacha shimo katikati. Wenyeji wana maelezo yao kuhusu usafi wa binti huyo. Mgeni anasikiliza na kutikisa kichwa.

Kilichonileta hasa ni hiki. Baadhi ya watu wa Sale'aula na majirani zao walivushwa hadi Upolu, wakapewa ardhi mahali pawili: Le'auva'a na Salamumu. Ni zaidi ya karne sasa. Na katika orodha ya wilaya, vijiji hivyo viwili vilivyoko Upolu, bahari kati, bado ni Gaga'emauga. Nilimuuliza mama wa Sale'aula kama anao ndugu Le'auva'a. Akanitazama kama niliyemuuliza kama ana miguu. Vyeo ni vilevile, akasema, na kukiwa na mazishi wanakuja, na sisi tunakwenda. Kumbe wilaya inaweza kupanda mtumbwi.

Safotu, kijiji kikuu cha Gaga'ifomauga, nilipita jioni jua likishuka nyuma ya minara ya makanisa. Nimelala ufukwe wa Manase, kwenye banda la makuti lililo juu ya mchanga: godoro, chandarua, pazia la kushusha upepo ukija. Saa kumi na mbili hivi mtu aligonga mtungi mtupu wa gesi uliotundikwa mtini, mlio uleule wa kengele ya ringi la gari shuleni kwetu. Ni saa ya sala, wanaiita sa. Vijana wa kijiji walisimama kando ya barabara na vitambaa vyao vya kiunoni kuhakikisha hakuna anayepita akipiga kelele. Hao ndio dola hapa. Anayekosea anatozwa faini na baraza la kijiji: nguruwe, mikeka, katoni za samaki wa kopo.

JUMAPILI. Manase

Hakuna kilichotembea, nami sikutembea. Mavazi meupe kila mahali, kofia za ukili kwa akina mama, na kwaya zinazoimba sauti nne bila chombo. Kuogelea Jumapili ni mwiko katika vijiji vingi. Bahari inakaa peke yake. Adhuhuri nilikaribishwa chakula cha umu, yaani kilichopikwa juu ya mawe ya moto na kufunikwa majani: magimbi, mashelisheli ya kuchoma, samaki, na palusami, majani machanga ya magimbi yaliyofungiwa tui zito mpaka vikawa kitu kimoja. Mtu wa pwani yetu atalia akila palusami, kisha ataomba pilipili, na hatapewa, kwa sababu haipo.

JUMATATU. Vaisigano

Barabara inapanda kupita mapori ya lava ya zamani, kisha inashuka Asau, kijiji kikuu, kwenye ghuba ya maji yaliyotulia. Nilijaza mafuta nikaendelea hadi Falealupo, ncha ya magharibi ya nchi.

Falealupo ni kijiji kilichopigwa. Kimbunga Ofa mwaka 1990, Val mwaka 1991. Kanisa la zamani limebaki gofu na watu wengi walihamia ndani, mbali na bahari. Ila msitu wao umesimama, na habari yake ni ya kiutawala kuliko inavyosimuliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kijiji kilitakiwa kujenga shule, la sivyo kingekosa walimu. Pesa hawakuwa nazo, wakakubali kuuza miti. Mtaalamu wa mimea kutoka Marekani, Paul Alan Cox, aliyekuwa akiishi nao, akachangisha pesa za shule, na mwaka 1989 matai wakatia saini mkataba wa kuulinda msitu kwa miaka 50. Katika msitu huo kuna mti wa mamala, dawa ya manjano kwa waganga wa hapa. Kemikali yake, prostratini, ilikuja kuchunguzwa na watafiti wa virusi vya UKIMWI, na yalifanyika makubaliano kwamba ikizaa dawa, sehemu ya mapato irudi Samoa na kijijini. Unaweza kupanda ngazi hadi kwenye daraja lililofungwa juu ya miti, ukalipe kijiji, na uombe lisiyumbe.

Hapa pia ni kwa Nafanua, mungu wa vita, binti wa mtawala wa Pulotu, nchi ya wafu. Mlango wa kwenda huko wenyeji wanaonyesha uko kwenye miamba ya karibu. Nafanua alishinda vita, na wakuu wa wilaya wakaja mmoja mmoja kumwomba mgao wa utawala. Malietoa alichelewa. Vichwa vyote vya serikali vilikuwa vimeshagawiwa, ukabaki mkia. Nafanua akamwambia asubiri kichwa cha utawala wake kutoka mbinguni. Vizazi vikapita, na siku meli ya John Williams ilipotokea Sapapali'i na habari za ufalme wa mbinguni, Malietoa wa wakati huo aliona deni limelipwa. Ukiambiwa Samoa ilipokea Ukristo kwa kasi, ujue kulikuwa na foleni ya utawala nyuma yake.

JUMANNE. Palauli na Satupa'itea

Siku ya mbio. Taga, upande wa Palauli, kuna matundu ya Alofaaga ambamo wimbi likiingia chini ya mwamba maji hurushwa juu kwa kishindo. Mzee mmoja hutupa nazi tunduni kwa hesabu yake mwenyewe, na nazi hupotea angani. Anajua wimbi lipi. Wageni waliojaribu wenyewe walilowa tu.

Vailoa ndicho kijiji kikuu cha Palauli. Katika mashamba ya nazi ya wilaya hii kuna Pulemelei, kilima cha mawe kilichojengwa kwa mikono ya watu, kama mita 12 kwenda juu, miongoni mwa majengo makubwa ya kale ya Polynesia. Kimefunikwa na vichaka na sikukifikia. Satupa'itea niliipita kwa dakika chache. Ni ndogo, nayo ni mmoja wa wale sita wa Pule, na hakuna anayeitaja kwa sauti ya chini kwa sababu ya udogo.

Kando ya barabara niliona ubao wa mradi wa wilaya, na wilaya iliyotajwa haikuwa mojawapo ya kumi na moja. Ni hivi: tangu sheria ya mwaka 2019 nchi ina majimbo 51 ya uchaguzi, kila moja na mbunge mmoja, na mengi yanatumia jina la wilaya ya kale likiwa na namba, Palauli hii, Gaga'emauga ile. Serikali iliyoingia mwaka 2021 iliamua kila jimbo lipewe tala (fedha ya Samoa) milioni moja kwa mwaka kwa maendeleo, na kamati za wenyeji wapange: shule, maji, barabara za mashambani. Wilaya ya pesa, basi, ni jimbo, na wilaya ya heshima ni itūmālō. Dereva wa lori niliyekaa naye kusubiri kivuko alisema jimbo lake limepata pesa lakini msemaji wake bado anasimama nyuma ya Safotulafai kwenye hadhara, na hakuna kiasi cha tala kitakachobadili hilo. Mimi nadhani pesa zina tabia ya kubadili mambo taratibu, lakini sikubishana naye. Alikuwa anashiriki nami mkate wake wa tui.

JUMATANO. Le'auva'a, kisha Atua

Asubuhi, nikitoka Mulifanua kuelekea Apia, nilikata kona kuingia Le'auva'a. Hakuna ubao unaosema sasa unaingia Gaga'emauga. Bustani, uzio wa maua, watoto wa shule. Muuza duka alinithibitishia kwa ufupi: sisi ni wa Savai'i. Umezaliwa Savai'i? Hapana. Baba yako? Hapana. Babu? Labda babu wa babu. Akanirudishia chenji.

Mchana nilivuka kuingia Atua, upande wa mashariki, nchi ya yule mama wa nyumba ya wageni. Lufilufi ni kijiji kikuu, na hapo ndipo cheo cha Tui Atua kinapotolewa. Wilaya hii ina mkono mrefu katika siasa za leo. Kina Mata'afa ni wa Amaile, huku Atua. Fiame Mata'afa Faumuina Mulinu'u wa Pili alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa nchi huru, na binti yake Fiame Naomi Mata'afa, mbunge wa Lotofaga, akawa mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho mwaka 2021. Tarehe 24 Mei mwaka huo alifika Bungeni akakuta milango imefungwa, akaapishwa kwenye hema bustanini. Mtu wa Lotofaga akikueleza habari hiyo anaieleza akiwa amesimama.

Lotofaga ndiko kuliko To Sua, shimo kubwa la maji ya bahari kwenye bustani, linalofikiwa kwa ngazi ndefu ya mbao. Nimelala Lalomanu, ncha ya kusini mashariki. Tarehe 29 Septemba 2009 tsunami iliipiga pwani hii asubuhi. Zaidi ya watu 140 walipoteza maisha Samoa, wengi wao kwenye vijiji vya pwani hii. Mabanda yamejengwa tena mchangani, na njia za kukimbilia mlimani zimewekewa alama. Mwenye banda alinionyesha yangu kabla ya kunionyesha choo.

ALHAMISI. Va'a-o-Fonoti

Nimeiacha ya mwisho kwa sababu ya barabara. Kutoka njia kuu unashuka kwenye ghuba ya Fagaloa, milima imesimama wima juu ya maji, maporomoko membamba yanaonekana kila kona. Ni mabaki ya volkano ya zamani zaidi kuliko zilizounda sehemu nyingine za Upolu.

Wilaya yenyewe ni kipande kilichochukuliwa ubavuni mwa Atua, na ni malipo ya kivita. Fonoti aligombania ufalme na ndugu zake. Watu wa Fagaloa wakamletea mitumbwi, akashinda baharini, na alipotawala akawapa heshima ya kuwa wilaya inayojitegemea. Jina linasema hivyo: mtumbwi wa Fonoti. Kijiji kikuu ni Samamea, nyumba chache kwenye ufukwe. Wakati Tuamasaga ina karibu nusu ya nchi, hapa unaweza kuwasalimu watu wa wilaya nzima ndani ya juma moja. Kwenye hadhara ya kitaifa, hata hivyo, haitatajwa kama kijalizo cha Atua. Niliuliza mara mbili kwa watu tofauti, na mara zote mbili nilijibiwa kwa jina la Fonoti kama vile alipita juzi.

Baada ya Samamea barabara inakuwa mawe na madimbwi mpaka Uafato, kijiji cha mwisho. Hapa wanachonga. Fundi alikuwa ameketi juu ya mkeka akichimba bakuli la 'ava kwa tezo, miguu ya bakuli ikitoka kwenye gogo hilohilo, hakuna kiungo wala gundi. Mti ni ifilele, Intsia bijuga kwa jina la kitaalamu, ambao makazi yake ya asili yanaenea mpaka pwani ya Tanzania na Madagaska. Nilimwambia. Alisimamisha tezo akauliza kama kwetu nao wanachongea bakuli za 'ava. Nikasema hapana, 'ava hatuna. Akafikiri kidogo, kisha akauliza swali la maana zaidi: basi mikutano mnaianzaje?

Nilimweleza habari za mgeni rasmi, meza kuu na risala. Akataka kujua nani anaamua nani akae meza kuu, na mpangilio huo ni wa tangu lini. Tukalizungumza hilo mpaka mchana ukaisha. Bakuli dogo nililonunua limefungwa kwenye fulana mbili ndani ya begi, gari linatakiwa Apia kesho saa tatu asubuhi, na mafuta yamebaki robo.